Sailensi imepanda, maji yanapungua: maswali yenu ya pikapu

Barua za safari hii zimetoka Tanga na wilaya zake, na zote zinagusa sehemu moja ya injini: pale manifoldi ya hewa (bomba la matawi linalogawa hewa kwa kila silinda) inapokutana na silinda hedi, kichwa cha injini. Tumezijibu kwa pamoja. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayobeba kazi yenyewe.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota Hilux ya injini ya 22R, ya kabureta. Nabeba nazi na mbao kati ya Pongwe na mjini. Sasa sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imepanda, nikisimama injini inapanda na kushuka yenyewe, na asubuhi inamisi, yaani silinda inaruka kuwaka, mpaka ipate moto. Rejeta naiongezea karibu nusu lita kila baada ya siku mbili, lakini chini ya gari sioni tone. Fundi mmoja anasema hedi gasketi, mwingine anasema kabureta imechoka. Nianze wapi?
*Msomaji, Pongwe*

JIBU: Ndugu yetu, usinunue hedi gasketi wala kabureta kwanza. Una dalili mbili zinazotembea pamoja, ya hewa na ya maji, na kwenye 22R kuna mahali ambapo hewa na maji vinapita jirani: gasketi ya manifoldi ya hewa, kile kizibo chembamba kinachobanwa kati ya manifoldi na hedi. Manifoldi ya injini hii haipitishi hewa na petroli peke yake. Maji ya moto yanapita ndani yake, na nyumba ya themostati (vali inayofungulia maji yakipata moto) imefungwa mbele yake. Gasketi ikila upande wa tundu la maji kuelekea tundu la hewa, injini inakunywa maji na kuyatoa kwa ekzosi, ndiyo maana huoni tone chini. Ikila kuelekea nje, maji yanakaukia kwenye alumini ya moto na kuacha ukoko mweupe au wa rangi ya kutu. Washa tochi uangalie ubavu wa chini wa maungio, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi.

Hewa nayo ina hesabu yake. Ikiingilia kwenye gasketi inakuwa imeikwepa kabureta, kwa hiyo petroli inakuwa kidogo kuliko hewa hiyo inavyohitaji. Silinda iliyo karibu na tundu ndiyo inayoumia, inamisi. Ukikanyaga mafuta injini inatulia, kwa sababu hewa halali inayopita kabureta sasa ni nyingi na ile ya wizi haina uzito tena. Hii ndiyo tofauti kubwa na plagi mbovu au kabureta iliyoziba, ambazo kwa kawaida zinasumbua zaidi gari likiwa na mzigo. Hedi gasketi iliyoungua ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, na hozi ya juu kuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi.

Thibitisha kabla ya kufungua. Injini ikiwa inazunguka sailensi, chukua chupa ya kupuliza maji, ile ya kunyunyizia nguo za pasi, upulize kidogo kidogo kando ya maungio, tundu moja baada ya jingine. Maji yakiziba ufa kwa sekunde moja, mlio wa injini utabadilika papo hapo. Wengi hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Inaonyesha vizuri, lakini waya mmoja wa plagi wenye ufa unatosha kuwasha moto. Maji yanatosha.

Ukiweza kuazima geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa wa injini, iunganishe kwenye manifoldi. Injini nzima ya petroli iliyo usawa wa bahari, kama hapa Tanga mjini, husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na mshale unatulia. Ukisoma 12 au 13 na mshale umetulia hapo, tafuta hewa ya wizi. Kipimo hicho hupungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pikapu iliyopimwa Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, itasoma pungufu ya inchi nne hadi tano bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kabla ya kulaumu gasketi, bana kwa koleo hozi ya busta ya breki (chungu cha kuongezea nguvu breki), kisha hozi ndogo za vakyumu moja moja. Injini ikitulia ulipobana, umeokoa kazi ya siku nzima. Pulizia maji na chini ya kabureta, maana pale pia kuna gasketi.

Ukishajiridhisha, kazi yenyewe iko hivi. Injini ilale usiku kucha, maana alumini ikifunguliwa ya moto inapinda. Toa waya wa hasi wa betri. Mfumo mzima wa maji wa 22R ni karibu lita 8.4. Ukimwaga lita 4 hadi 5 kwa koki ya chini ya rejeta, maji yatakuwa yameshuka chini ya manifoldi. Yakinge kwenye beseni, na kama yana kulanti (dawa ya maji ya rejeta) usiyaache wazi uani: ni matamu na ni sumu, mbuzi au mbwa akiyanywa hafiki mbali.

Piga picha za hozi zote kwa simu, kutoka pande tatu, kisha zifunge vipande vya plasta vyenye namba, namba ileile kwenye hozi na kwenye pua inapochomekwa. 22R ina hozi ndogo nyingi, na pikapu nyingi zinarudi gereji si kwa sababu ya gasketi bali kwa hozi mbili zilizobadilishana mahali. Toa nyumba ya filta ya hewa, waya wa pedali ya mafuta, hozi za petroli (ziziwekee boliti mdomoni zisidondoshe), hozi ya juu ya rejeta na zile nyingine za maji zinazoingia kwenye manifoldi. Kabureta iache juu ya manifoldi, vitoke pamoja, ila mdomo wake uufunike kwa kitambaa safi.

Nati na boliti nyingi hapa ni za spana namba 12. Legeza kuanzia ncha mbili ukiingia katikati, robo mzunguko kwa kila moja kabla ya kuzitoa kabisa. Hazilingani urefu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la manifoldi, utoboe na uchomeke kila boliti mahali pake. Boliti ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itagota chini kabla ya kubana, wewe utadhani imekaza. Manifoldi ikigoma kutoka, usichomeke bisibisi kwenye maungio. Igonge kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao, na uangalie kama kuna boliti au mkono wa kushikilia ulioachwa chini. Karibu kila mara upo.

Sasa umefika mahali ambapo kazi hii hushinda au kushindwa. Gasketi mpya juu ya uso mchafu au uliopinda ni fedha iliyotupwa. Ziba matundu manne ya hedi kwa vitambaa na uvihesabu, ili vinne vilivyoingia viwe vinne vilivyotoka. Kwangua gasketi ya zamani kwa kikwaruzo cha plastiki, au kwa wembe mpana ulioulaza bapa. Usikubali mtu alete grainda yenye diski ya msasa. Inasafisha kwa dakika mbili, lakini unga wake ni mgumu kuliko chuma cha beringi, na ukishuka kwenye oili utamaliza injini ambayo haikuwa na tatizo.

Uso ukishakuwa mweupe na mkavu, weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kisha kwa mshazari pande zote mbili, ujaribu kupitisha fila geji (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.20 chini yake. Ikipita, kwenye manifoldi au kwenye hedi, uso umepinda kupita kipimo na lazima uchongwe kwenye karakana ya mashine. Ikishindwa kupita, angalia ukingo wa tundu la maji. Chumvi ya maji ya visima vyetu inatafuna alumini hapo na kuacha vishimo kama vya embe lililoliwa na wadudu. Kishimo kilicho pembeni hakina neno. Kilichokata njia kutoka tundu la maji hadi tundu la hewa lazima kijazwe kwa gundi ya chuma ya kuchanganya mbili, ile inayohimili joto, kiachwe kikauke muda ulioandikwa kwenye boksi, kisha kisawazishwe kwa msasa uliozungushiwa kipande bapa cha chuma. Kikiwa kirefu, kichomelewe alumini na kuchongwa.

Gasketi iingie kavu, baada ya kuilinganisha na matundu: isiwepo sehemu inayochungulia ndani ya njia ya hewa. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko mitatu: nyutoni mita 7, halafu 13, halafu 19. Hiyo 19 ndiyo mwisho. Kama huna toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ufundishe mkono kwanza. Banisha boliti kwenye vaisi, weka spana ilale usawa, na sentimita 19 kutoka katikati ya nati utundike dumu la lita 10 lililojaa maji. Nguvu ile dumu linayovuta ndiyo nyutoni mita 19. Liondoe, vuta kwa mkono mara tano sita mpaka ujue inavyohisi. Utashangaa ni ndogo kiasi gani. Mafundi wengi huvuta mara mbili yake, na manifoldi inapindia hapohapo.

Rudisha hozi kwa namba zake. Jaza maji taratibu, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, washa injini na uwashe hita ya ndani kama ipo. Themostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza. Nusu yawe kulanti na nusu maji yasiyo na chumvi: maji ya betri yale yasiyo na asidi, au ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Maji ya kisima cha karibu na ufuko yataanza kuila alumini upya tangu siku hiyo. Mwisho, rekebisha sailensi. Huenda kuna mtu alikuwa ameshaichezea skrubu ya kabureta kufidia hewa ya wizi, kwa hiyo usishtuke injini ikizima au ikinuka petroli. Iweke kwenye mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, pitia nati zote tena kwa kipimo kilekile.

SWALI: Fundi wetu hapa Makorora hafungi gasketi bila kupaka silikoni pande zote mbili. Anasema inaziba zaidi. Je, ni sawa?
*Msomaji, Makorora*

JIBU: Si sawa, na tunaomba mumweleze kwa upole maana wengi wamefundishwa hivyo. Gasketi ya manifoldi inaziba kwa kubanwa na kung'ang'ania uso mkavu. Silikoni inaifanya iteleze, na boliti zikikazwa inatambaa kutoka mahali pake. Kinachozidi kinajikunja kuingia ndani. Upande wa hewa, petroli inailainisha silikoni ya kawaida mpaka inakatika na kuingia kwenye vali. Upande wa maji, kipande kinasafiri hadi kwenye mirija ya rejeta, na baada ya miezi gari linaanza kuchemsha na hakuna anayekumbuka silikoni.

Tunaikubali mahali pawili tu. Utando mwembamba kuzunguka tundu la maji, ikiwa uso una vishimo vidogo visivyostahili kuchongwa. Na kwenye injini za V, zile za silinda sita au nane ambazo manifoldi inakaa katikati ya hedi mbili: kule mbele na nyuma kuna kuta ambazo gasketi haifiki, na hapo unaweka mstari wa silikoni wa unene wa milimita 5 hivi, ukipanda kidogo kwenye kona nne. Injini hizo zina hatari yake, maana maji yanayovuja yanaangukia moja kwa moja kwenye oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Badilisha gasketi, oili na filta kwa pamoja, na oili hiyo mpya uibadilishe tena baada ya kilomita mia chache.

SWALI: Pikapu yangu ni ya dizeli, injini 3L. Sailensi haina tatizo lolote, lakini inakula oili na kutoa moshi wa bluu, na filta ya hewa nabadilisha kila mara. Natembea njia za vumbi. Je, dizeli nayo inaweza kuwa na ugonjwa huu wa gasketi?
*Mzee msomaji, Pangani*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Inaweza, na kwa dizeli ni ugonjwa wa kimyakimya. Injini yako hairekebishi mwendo kwa kubana hewa kama ya petroli, bali kwa kupima dizeli, kwa hiyo ufa kwenye manifoldi haupandishi sailensi. Unachofanya ni kuingiza vumbi ambalo halijapita kwenye filta. Vumbi hilo ni msasa: linakula ringi za pistoni na ukuta wa silinda, halafu oili inapanda juu na moshi wa bluu unatokea.

Fungua hozi baada ya filta, futa ndani kwa kitambaa cheupe. Utando mwepesi wa oili ni kawaida, unatoka kwenye bomba la kupumulia la injini. Vumbi laini halitakiwi kuwapo kabisa. Ukilikuta, fuata alama zake: vumbi linanata kwenye ule utando wa oili na kuchora mstari unaoanzia pale linapoingilia. Mara nyingi ni klipu ya hozi au mpira uliopasuka kwenye mkunjo wake wa chini, na siyo gasketi. Ziba hapo kwanza. Lakini, mzee wetu, ringi zilizokwisha hazirudi kwa kubadilisha gasketi. Omba injini ipimwe kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwa kipimo cha dizeli. Kile cha petroli hakifai, kwa kuwa dizeli nzima inapita paundi 400 kwa inchi ya mraba.

SWALI: Nikifungua manifoldi, stadi moja (boliti isiyo na kichwa, inayosimama kwenye hedi) imekatikia ndani ya hedi. Nimeambiwa nifunge hivyohivyo, zilizobaki zitashika.
*Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Hazitashika, ndugu. Sehemu isiyobanwa itavuja, na itavuja karibu na stadi hiyo. Hapa pwani jambo hili ni la kawaida: stadi ni chuma, hedi ni alumini, na hewa ya bahari yenye chumvi ikipata unyevu katikati yake inavigandisha.

Kama kimebaki kipande kinachochungulia, paka mafuta ya kulainisha kutu, acha usiku kucha, kisha pasha joto alumini inayoizunguka stadi. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linafunguka. Kabla ya kuwasha moto wowote, kabureta na hozi za petroli ziwe mbali na gari. Ikigoma, mpe mchomeleaji achomelee nati juu ya kipande hicho. Joto la kuchomelea lenyewe ndilo linaloilegeza, ikipoa kidogo inatoka kwa spana. Iliyokatikia ndani kabisa inahitaji alama ya panchi (chuma chenye ncha cha kugongea) katikati kamili, drili ya milimita 3 kwanza, na subira. Drili ikihama upande itakula alumini kwa sababu ni laini kuliko stadi. Likitokea hilo, tundu linapanuliwa na kuwekewa uzi mpya wa kuingiza wa M8. Stadi mpya ipake grisi ya shaba, na ukishaipaka usizidishe nguvu ya kukaza: uzi uliolainishwa unabana zaidi kwa mvuto uleule.

SWALI: Hamjambo wanangu. Mimi si fundi. Nina pikapu ya petroli ya zamani inayobeba machungwa kutoka Muheza. Mwaka huu nimelipia gasketi ya manifoldi mara tatu. Nitajuaje kama kazi imefanyika kweli?
*Mama mfanyabiashara, Muheza*

JIBU: Shikamoo mama. Gasketi tatu kwa mwaka maana yake aliyekuwa anaharibika si gasketi, ni uso inaokaa. Safari hii omba mambo mawili kabla hujalipa. La kwanza, upewe gasketi ya zamani mkononi. Iangalie juani. Iliyobanwa vizuri ina alama ya kukandamizwa inayozunguka kila tundu bila kukatika. Mahali ambapo alama imefifia hapakubanwa, na mstari mweusi unaovuka kutoka tundu moja hadi jingine ndiyo njia ya uvujaji. La pili, fundi aweke rula ya chuma na fila ya 0.20 mbele yako, uso ukiwa umeshasafishwa. Fundi anayeijua kazi hatakasirika kuombwa hivyo.

Gari likirudi, chora alama ya kalamu kwenye chupa ya maji ya akiba, na uitazame kila alfajiri kabla injini haijawashwa, kwa siku 14. Siku mbili tatu za mwanzo inaweza kushuka kidogo kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Jaza, chora upya. Ikiendelea kushuka baada ya hapo na nje pako pakavu, mwite fundi injini ikiwa baridi afungue plagi zote azipange kwa mstari. Silinda inayokunywa maji, plagi yake hutoka safi kuliko wenzake, kama imeoshwa.